Paka kazaliwa hana kope la juu, utaishi nae vipi

Dagaa tulimuokota Ngamiani, Tanga, chini ya meza ya muuza samaki, na jina lilitokana na umbo maana alikuwa anaenea kwenye kiganja. Macho yote mawili yanachuruzika machozi, makamasi yamegandia pembeni, kila anaemuona anasema huyo ana mafua ya paka atapona mwenyewe. Nikakubali. Miezi miwili ikapita hajapona, na siku dokta wa mifugo alipomuinua kwenye mwanga ndo nikaambiwa, huyu haumwi, huyu kope hana. Kitaalamu wanaita ajenesia ya kope, yaani kiumbe kimezaliwa kile kipande cha ngozi kinachofunika jicho hakikuota.

Kucheki mwenyewe sio kazi. Mpakate, washa tochi ya simu kwa pembeni (usimmulike usoni moja kwa moja, we ungependa?) alafu angalia kona ya nje ya jicho, ile ya upande wa sikio. Paka wa kawaida ana ukingo unaozunguka jicho lote, mweusi au wa pinki, kama kapaka wanja. Mwenye tatizo hili ule ukingo ukifika kwa juu upande wa nje unakatika, haupo, na manyoya ya usoni yanaingia moja kwa moja ndani ya jicho. Mguse kidogo pembeni akonyeze, utaona jicho halifungi lote. Mara nyingi inakuwa macho yote mawili. Haiambukizi, kwa hiyo usimtenge na paka wengine kwa sababu hiyo, na wale majirani wanaosema paka wa jini waache waseme.

Sasa ukielewa kope linafanya kazi gani mengine yote yanakuja yenyewe. Kope linafagia vumbi, linapaka machozi jicho zima, na linazuia manyoya. Dagaa hana vyote vitatu, kwa hiyo kile kioo cha mbele cha jicho, konea, kinakauka na kinakwaruzwa kutwa nzima, kikiachwa kinaota mishipa ya damu, kinakuwa na ukungu, mwisho kidonda, na kidonda kikitoboka jicho limeenda. Kwa hiyo we ndo unakuwa kope lake. Kila siku, na sikukuu pia.

Kwanza kusafisha. Nawa mikono, chukua gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, sio pamba, pamba inaacha nyuzi na huyu hana cha kuzitoa. Maji tumia yale ya dripu ya chumvi ya famasia, unavuta kwa sirinji isiyo na sindano, au chemsha nusu lita utie chumvi kijiko kidogo cha chai kisichojaa, yapoe kabisa, na kesho utengeneze mengine. Lainisha makamasi kwanza usibandue makavu, futa toka pembe ya puani kwenda nje, kila jicho na gozi yake.

Alafu machozi ya bandia, yale matone wanayouziwa watu wenye macho makavu. Dokta wako akuthibitishie aina, ila kama utatia mara nyingi kwa siku ulizia yasiyo na dawa ya kuhifadhia maana ile yenyewe inakera konea. Matone yanakauka upesi, jeli inakaa zaidi, mafuta ya macho yanakaa zaidi ya vyote. Mi natia jeli asubuhi kabla sijatoka, mama anatia mchana na jioni, usiku namalizia na mafuta. Kama dokta kakupa na tone la dawa, tone linatangulia, subiri kama dakika tano, mafuta mwisho, ukianza na mafuta tone litateleza tu. Kichupa ukikifungua andika tarehe kwa maka peni, mwezi ukiisha tupa hata kama kimebaki nusu.

Kumshika ndo kipaji. Usimfuate kwa mbele na kichupa mkononi, atakukimbia mpaka mwezi ujao. Mfunge kwenye khanga kama mtoto mchanga, kichwa tu nje, mkalishe mgongo umekuegemea tumboni, inua kidevu, mkono wenye dawa utokee nyuma juu ya kichwa asiuone, na ncha ya kichupa isiguse jicho. Ukimaliza mpe kitu hapo hapo. Dagaa saivi akisikia khanga inakung'utwa anakuja mwenyewe, sio kwa mapenzi, kwa kipande cha vibua.

Makosa yangu sasa, uyaruke. Kabla hatujajua tatizo nilienda duka la dawa nikaeleza paka ana macho mekundu, nikapewa tone lenye deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi. Siku mbili wekundu umepungua nikafurahi kweli, ya nne jicho la kushoto limekuwa la bluu bluu kama maziwa ya maji. Steroidi kwenye jicho lenye kidonda inazuia kidonda kupona na inaweza kulitoboa kabisa, so soma lebo, chochote chenye deksamethasoni, prednisoloni au haidrokotisoni usitie mpaka dokta apime kidonda kwa ile rangi inayong'aa kijani. Matone ya kuondoa wekundu ya watu nayo hapana. Asali, maziwa ya mama, chai ya rangi, hapana. Na akionekana ana maumivu usimpe panadol hata robo, inaua paka.

Nyumba nayo ibadilike kidogo. Feni isimpige usoni akilala, jiko la mkaa na udi viwe mbali nae, dawa ya mbu ya kuchoma pia, na mchanga wa choo chake usiwe ule wa vumbi akifukua anajipaka mwenyewe. Chanjo ya mafua ya paka usiruke, macho haya hayahitaji mzigo wa pili. Nje simtoi, jua na upepo wa bahari vinakausha jicho ndani ya muda mfupi.

Siku ukiona anafinya jicho, analikuna kwa mguu, kuna usaha wa njano au kijani, au ukungu mpya, nenda siku hiyo hiyo, usiseme tuone kesho. Mvishe ile kola ya plastiki kama faneli asijikwaruze mkiwa njiani.

Upasuaji upo. Kuna kugandisha vinyweleo vinavyochoma kwa baridi kali visiote, na kuna ule wa kuchukua kipande cha pembe ya mdomo kukizungusha kiwe kope, nilipoambiwa nilidhani nataniwa. Kwa kawaida wanasubiri akue miezi kadhaa kwanza, na hata baada ya hapo unaweza ukaendelea na jeli. Madokta wetu wengi mikono yao imezoea ng'ombe na mbuzi, kwa hiyo ulizia chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine (SUA) Morogoro, Kenya ulizia Kabete, kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na uwaombe waangalie na ndani ya jicho maana kasoro hii wakati mwingine inakuja na nyingine ndani huko.

Dagaa bado hajafanyiwa, tunachanga. Jicho la kushoto limebaki na kovu kama wingu dogo ila nzi anamuona vizuri tu. Akilala macho yanabaki wazi kipande, na kwa ndani unaona ile ngozi nyeupe, kope la tatu la paka, imepanda, kwa hiyo mgeni akilala sebuleni mwambieni mapema, shangazi yetu alipiga kelele saa nane usiku tukaamka nyumba nzima.