Wakijaza watu mbele, mwache mmoja bila kuzuiwa

Timu ya futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu inayotegemea kukimbia na mpira ikikuta walinzi wanane wamerundikana mbele, isishindane nao kwa misuli. Mwacheni mlinzi wa pembeni bila kumzuia, kwotabeki (anayepokea mpira kwanza na kuongoza shambulizi) amsome. Mabega ya mlinzi huyo yakigeukia ndani kumfuata fulbeki (mkimbiaji anayepita katikati), kwotabeki auchomoe mpira tumboni mwa mwenzake akimbilie nje. Mlinzi akitulia nje, kwotabeki amwachie fulbeki mpira. Mwenzenu ambaye angemzuia mlinzi huyo sasa anakwenda kumzuia mlinzi mwingine, hesabu inakaa sawa. Kwa mtindo huu Navy, timu ya chuo cha jeshi la majini la Marekani, waliishinda timu ya chuo kikuu cha Notre Dame 46–44 mwaka 2007, baada ya kupoteza mechi 43 mfululizo dhidi yao. Na tafadhali, mwangalieni beki wa nyuma kabisa wa wapinzani: akianza kukimbilia mbele mapema, rusheni pasi ndefu nyuma yake.