Kufunga Flai Nyumbani kwa Trauti, Kolekole na Samaki wa Meno

Flai ni ndoano iliyovikwa manyoya, nyuzi na waya ili samaki aidhanie kuwa windo lake, na ubora wake haupimwi kwa jinsi inavyopendeza mkononi bali kwa jinsi inavyozama na kutikisika ikiwa majini. Kwa hiyo, kabla ya kugusa uzi, amua unamtafuta samaki gani, anakula nini na katika kina gani. Trauti wa mito ya Aberdare na Mlima Kenya, ambao walianza kupandikizwa huko mwaka 1905 kutoka ziwa Loch Leven la Scotland, hula zaidi mabuu ya wadudu yanayokaa chini ya mawe. Kolekole wa Pwani hufukuza vidagaa vinavyokimbia. Na samaki wa meno wa Mto Kilombero, Hydrocynus tanzaniae, huvamia samaki wadogo kwa kuwakata. Flai moja haiwezi kuwatosheleza wote watatu.

Vifaa si vingi: jiriwa ndogo iliyobanwa kwenye meza, mkasi wenye ncha kali, uzi mwembamba imara, na rangi ya kucha isiyo na rangi kwa ajili ya kuziba fundo. Asiye na jiriwa aibane ndoano kwa koleo na kuviringisha mpira kwenye mikono ya koleo hilo. Kwenye ndoano, kumbuka kwamba namba ikipungua ndoano huwa kubwa, mpaka kufikia namba 1, na baada ya hapo 1/0, 2/0 na kuendelea huwa kubwa zaidi.

Manyoya ya kuagizwa kutoka ng'ambo ni ghali, na kwa maoni yangu mwanafunzi hayahitaji. Jogoo wa kienyeji hutoa manyoya ya shingo yenye kung'aa, kuku jike hutoa yale malaini yaliyo karibu na ngozi, na kanga wa kufugwa hutoa yenye madoa. Ndege wa porini wanaolindwa na sheria waachwe. Yaoshe manyoya kwa sabuni, yakaushe kabisa, kisha yafungie kwenye mfuko na kuyaweka kwenye friza kwa siku kadhaa ili wadudu wafe, la sivyo yatakuja kuliwa yakiwa sandukuni.

Anza na Woolly Bugger, flai ambayo Russell Blessing wa Pennsylvania, Marekani, anatajwa kuwa aliibuni mwaka 1967, kwa sababu inafundisha takribani kila kitu na trauti huipenda. Chukua ndoano namba 8 yenye shina refu na uviringishe waya wa shaba kwenye nusu ya mbele ili kuongeza uzito. Funika shina lote kwa uzi hadi pale linapoanza kupinda, kisha funga hapo fungu la manyoya malaini ya kuku liwe mkia wenye urefu unaolingana na shina. Mkia ukizidi, usiukate kwa mkasi, maana ncha zitabaki butu kama brashi. Bana ncha kwa kucha na kuzinyofoa kidogo kidogo. Mkia mrefu mno una hasara nyingine pia, nayo ni kwamba samaki huuvuta huo mkia asifike kwenye ndoano.

Palepale penye mkia funga waya mwembamba wa shaba, hata ule wa koili ya redio mbovu, pamoja na uzi wa sufu wa kufumia sweta. Viringisha sufu kuelekea mbele, lakini simama milimita 2 kabla ya tundu la ndoano. Wanaoanza wengi hujaza nafasi hiyo, na mwishowe hawana mahali pa kupiga fundo wala pa kupitishia mshipi. Funga unyoya wa jogoo mbele, uuzungushe mara tano au sita kurudi nyuma, kisha uukamate kwa ule waya, ukiuleta waya mbele kwa mwelekeo ulio kinyume. Maboresho haya ndiyo yenye faida kubwa kuliko yote: waya hupita juu ya uti wa unyoya kila mzunguko, hivyo jino la trauti likiukata mahali pamoja, unyoya uliobaki haufumuki. Malizia kwa fundo la mizunguko minne au mitano na tone moja la rangi ya kucha.

Trauti anapokula mabuu madogo, punguza kila kitu. Frank Sawyer, mtunza mto Avon huko Wiltshire, Uingereza, hakutumia uzi kabisa: alifunga nyuzinyuzi za unyoya wa mkia wa fezanti, ndege wa jamii ya kuku, kwa waya mwembamba wa shaba, ambao ulikuwa uzi na uzito kwa pamoja. Unyoya wa kahawia wa mkia wa bata mzinga unafaa vilevile, kwenye ndoano namba 14.

Kwa kolekole, tumia ndoano isiyoshika kutu ya 1/0 au 2/0 na ufuate mpango wa Bob Clouser, mfungaji flai wa Marekani. Kata vishanga viwili vya chuma kutoka kwenye mnyororo wa kizibo cha sinki, uvifunge juu ya shina, theluthi moja kutoka kwenye tundu, kwa mizunguko inayopishana. Uzito huo huigeuza ndoano ikae ncha juu, jambo linaloiepusha na matumbawe. Kisha funga singa ndefu za mkia wa mbuzi, nyeupe upande mmoja na za kijani au buluu upande wa pili, chache kiasi cha kupitisha mwanga. Nyuzi za kamba ya nailoni zinafaa pia, lakini za kamba ya polipropilini huelea na kuirudisha flai juu.

Samaki wa meno hana huruma na manyoya. Mtengenezee flai fupi yenye nyuzi za plastiki, fundo lililozibwa mara mbili, na ndoano iliyonolewa kwa tupa kwa sababu kinywa chake ni mfupa. Kati ya flai na mshipi weka kipande cha waya wa chuma.

Kabla ya kwenda kuvua, ivute kila flai ndani ya beseni la maji. Ikilala ubavu, uzito umekaa upande. Ikizama bila kutikisika, manyoya yamezidi, na dawa ni kupunguza. Badilisha jambo moja tu kila unapofunga nyingine, uliandike, vinginevyo hutajua kilichosaidia. Zilizoingia baharini zisuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kukaushwa kabla ya kufungiwa sandukuni, kwa kuwa ndoano moja yenye kutu huziambukiza zilizo jirani yake.