Kabla Hujaandika "Had": Mambo ya Kuangalia

Ukikosea "had" ya Kiingereza kwenye mtihani, unapoteza alama na maisha yanaendelea. Ukikosea kwenye barua ya kujieleza kazini, maelezo ya ajali au madai ya bima, hapo ni habari nyingine. Mimi kosa hilo nimelilipia kwa mshahara, kwa hiyo nikiwa mkali kidogo, nivumilie.

Umbo kwanza, tulimalize. Wakati huu wa kitenzi, ambao walimu wetu waliuita past perfect, ni "had" pamoja na umbo la tatu la kitenzi: had eaten, had gone, had broken. Nafsi zote zinatumia "had" ileile, hakuna cha kuhangaika. Lakini lile umbo la tatu ukariri, maana "had went" na "had broke" zinamfanya msomaji aache kusikiliza hoja yako na aanze kukusahihisha.

Kisha hakikisha una nyakati mbili, zote za zamani, moja nyuma ya nyingine. "Had" haitembei peke yake. Tazama hii: "When Kenya became independent in December 1963, Tanganyika had been independent for two years." Desemba 1963 ndiyo nguzo. Uhuru wa Tanganyika, wa Desemba 1961, uko nyuma ya nguzo hiyo, na ndio unaobeba "had". Nguzo inaweza hata kuwa saa tu: "By nine o'clock they had closed the gate." Kama matukio yanafuatana kwa mpangilio wake wa kawaida, huhitaji kitu: "I locked the store, took the key and went home." Na palipo na "after" au "before", neno hilo limeshapanga foleni, "had" ukipenda weka, ukipenda acha.

Palipo na "when", usicheze. Hapo ndipo nilipoungulia.

Nilikuwa karani wa stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Siku hiyo nilikwama benki, foleni haisogei. Narudi, nakuta lori la saruji limeshashusha na kwenda zake, na mlinzi ameshasaini delivari noti, ile hati ya kupokelea mzigo, pale getini kama anayesaini kitabu cha wageni. Nikahesabu. Mifuko 288 badala ya 300. Kesho yake bosi, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu, akataka maelezo ya maandishi kwa Kiingereza. Nikaandika, na sentensi ile naikumbuka neno kwa neno: "When I arrived, the driver offloaded the cement and the guard signed the delivery note."

Kichwani mwangu nilikuwa nimesema hivi: nilipofika, dereva alikuwa ameshashusha saruji na mlinzi ameshasaini. Karatasi ikasema vingine: nilipofika, ndipo dereva akashusha, ndipo mlinzi akasaini. Yaani nilikuwepo. Nimesimama pale natazama mfuko mmoja mmoja ukishuka, halafu nikamwachia mlinzi asaini kazi yangu.

Nikaitwa ofisini. Bosi akaweka kidole chini ya "arrived", akakivuta taratibu mpaka "offloaded", akaniuliza kwa sauti ya chini: kama ulikuwepo, kwa nini hukuhesabu? Nikasema sikuwepo. Akasema, umeandika ulikuwepo, na sahihi ni yako. Nikaanza habari za benki na foleni, na kila nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mtu anayegeuza hadithi baada ya kubanwa. Mifuko 12 ikakatwa kwenye mshahara wangu, kwa mafungu mawili. Kilichokosekana ni neno la herufi tatu: "When I arrived, the driver had already offloaded the cement and the guard had signed the delivery note."

Baada ya hapo nikawa mwoga. Nikawa napaka "had" kila mahali kama dawa ya mchwa. "I had received your letter." "I had gone to the bank yesterday." Dada mmoja wa uhasibu akaisoma hiyo ya pili, akanitafsiria kwa sauti: "Nilikuwa nimekwenda benki jana... enhe, halafu?" Alikuwa anasubiri tukio la pili ambalo halikuwepo. Kosa hili limejaa kwenye barua zetu, na wengi tunadhani linaipa barua heshima. Hakuna heshima yoyote. Kama ni jana na hakuna kilichofuata, andika "I went" uendelee na kazi.

Kipimo changu sasa ni cha Kiswahili. Naisema sentensi kwanza kwa lugha yangu. Ikitoka na "alikuwa ame-", "had" inanukia. Ikitoka na "ali-" au "aka-", naachana nayo. Ni kipimo kizuri, ila kinavuja sehemu tatu, na zote nimezikuta kwenye karatasi za watu wazima.

Uvujaji wa kwanza ni vitenzi vya hali. "Nilipofika, mlinzi alikuwa amelala." Ukiandika "the guard had slept", umesema alikuwa amemaliza usingizi wake, yu macho, ameburudika. Umemtetea! Sema "was asleep". Hali kadhalika alikuwa amekaa, amesimama, amevaa: was sitting, was standing, was wearing. Ukieleza mwizi na kuandika "he had worn a red shirt", msomaji ataelewa kwamba shati alilivaa wakati fulani, na pengine ulipomwona alikuwa ameshalivua.

Wa pili ni "kabla". Kiswahili chetu kinasema kabla hajafika, kabla hujaondoka, kwa ukanushi, na ni sahihi kabisa. Kiingereza hakikanushi hapo. "Before he had not arrived" ni Kiswahili kilichovaa suti. Andika "before he arrived", inatosha.

Wa tatu ni masharti. Ningalijua, ningalikuja: pande zote mbili zinafanana, basi nasi tunafananisha, "If I would have known, I would have come." Hapana. Upande wa "if" ndio wa "had", na "would have" ikae ng'ambo: "If I had known, I would have come." Na ujue unachokiri. "If I had counted the bags" maana yake hukuhesabu. Kabla hujaikabidhi sentensi ya namna hiyo, angalia unamkabidhi nani.

Mengine ni ya haraka. Ukiripoti maneno ya mtu, rudisha wakati nyuma: mlinzi kasema "I counted them", wewe unaandika "The guard said he had counted them." "I had intended to pay on Friday" itasomwa kwamba hukulipa, hata kama ulilipa, kwa hiyo usiitumie kwa unyenyekevu tu. Kile kifupisho cha 'd kiache kwenye meseji: "he'd paid" ni had, "he'd pay" ni would, na mtu anayesoma mbio atazichanganya. "She had had lunch" si kosa la uchapaji, usifute moja. Wa mitihani, "no sooner had" inafungwa na "than", na "hardly had" inafungwa na "when". Zikariri hivyo usiku, asubuhi uzimwage.

Ukimaliza kuandika, mpe mtu ambaye hakuwepo kwenye tukio. Usimuulize kama Kiingereza ni kizuri, atakusifu bure. Mwambie akusimulie kwa Kiswahili nini kilianza na nini kilifuata. Akikosea mpangilio, rudi mezani. Saa nazo ziandike, na usisahau kuzigeuza: saa nane mchana ni 2 p.m., si 8, nimeona mtu akijiweka eneo la tukio kwa kosa hilo peke yake. Uliza kama wanapokea maelezo kwa Kiswahili, mara nyingine wanapokea na hakuna anayekuambia. Usisaini ukiwa na hasira wala njaa. Baki na nakala. Na delivari noti isainiwe na aliyehesabu, hata kama foleni ya benki imefika barabarani.