Leja ya stoo: kizio kimoja tu cha kuhesabia
Wenzetu wa zahanati za Ukerewe, ambako kuazima dawa ni kusubiri kivuko, chungeni vizio vya kuhesabia kwenye leja, yaani daftari la dawa na vifaa vinavyoingia na kutoka stoo. Kosa linaloharibu salio ni hili: mapokezi yanaandikwa "maboksi 4" ya vipimo vya malaria, matumizi "30", yaani kipimo kimoja kimoja. Boksi lenye vipimo 25 liandikwe 25, na manne ni 100: pokea 100, toa 30, salio 70. Bechi (toleo la kiwandani lenye namba yake) mbili, mistari miwili, kila moja na tarehe yake ya kuisha muda. Hesabu ya rafu ikitofautiana, usifute; andika mstari wa marekebisho, sababu na saini. Andika pia siku ambazo dawa haikuwepo kabisa, maana zikisahaulika wastani wa matumizi unashuka na oda ijayo inapungua, wakati wagonjwa ni walewale.