Kung'oa leva ya gia kwenye gari chakavu

Kabla hujaenda yadi ya magari chakavu kutafuta leva ya gari lako, andika aina ya giaboksi yako na mwaka wa gari. Mimi mara ya kwanza niliamini macho tu: leva ilifanana na yangu, nikaifunga, kumbe rivasi iko upande mwingine. Nikarudi na aibu yangu.

Ukilipata gari, usikimbilie spana. Weka nyutro, shika kirungu cha juu ya leva, kitikise kushoto na kulia. Kikicheza kama jino bovu, bushi za plastiki, yaani vipete vinavyoishika leva isilegee, zimelika. Hilo si tatizo, bushi hubadilishwa. Lakini kitako cha leva kikiwa na ufa, kiache hapohapo.

Toa konsoli, lile kasha la kati ya viti linalofunika leva, piga picha jinsi kebo za kutoka kwenye leva hadi giaboksi zilivyokaa, ndipo ufungue boliti za kitako, mara nyingi nne. Vichwa vya kebo ni plastiki iliyokauka kwa jua, na hapa ndipo wengi huharibu: wanavikwanyua kwa bisibisi, vinakatika. Chomoa klipu kwanza, kisha sukuma taratibu kwa vidole viwili. Kebo zikienda laini ndani ya ala zake, chukua na zenyewe. Klipu na washa (vile vipete vya chuma vya boliti) mimi hutia kwenye soksi kuukuu, maana mfukoni hupotea.