Breki za Diski au za Ringi: Namna ya Kuchagua na Kutunza Breki za Baiskeli ya Barabarani

Kabla hujalinganisha nguvu za breki, itazame kwanza fremu, kwa sababu ndiyo inayoamua. Breki za ringi huibana ringi ya gurudumu kwa raba, na za diski hubana kwa pedi sahani ya chuma iliyo katikati ya gurudumu. Fremu iliyotengenezwa kwa breki za ringi haina mahali pa kufungia kalipa ya diski, yaani kibanio chake, na habu (vitovu) za magurudumu yake hazina pa kushikia diski yenyewe. Anayetaka kuhamia diski hulazimika kununua fremu, uma wa mbele na magurudumu, yaani karibu baiskeli nzima. Mwenye baiskeli nzuri ya breki za ringi ningemsihi aitunze.

Kwenye barabara kavu tofauti ni ndogo kuliko inavyosemwa. Raba mbili zikiibana ringi safi ya alumini huweza kulizuia gurudumu la mbele hadi la nyuma likainuka, na ukifika hapo hakuna breki itakayokusimamisha upesi zaidi. Mambo hubadilika mvua inaponyesha: ringi hupita karibu na lami ikibeba maji na matope, na raba hulazimika kuifuta kwanza ndipo zishike, huku wewe umekwisha kuvuta mkono wa breki na baiskeli inazidi kwenda. Diski, ambayo kipenyo chake huwa milimita 140 au 160, imekaa katikati ya gurudumu, nayo pedi zake huibana kwa nguvu kubwa zaidi, hivyo hushika karibu vilevile katika mvua na jua. Breki za diski zinazosukumwa na mafuta badala ya waya huhitaji kidole kimoja au viwili tu, na katika mteremko mrefu mikono iliyochoka huishukuru nafuu hiyo.

Mteremko huo huo huleta suala la joto. Breki ya ringi hupasha moto ringi ile ile inayoshikilia tairi, na ringi za kaboni ndizo za kuhofiwa zaidi, kwa kuwa gundi inayounganisha nyuzi zake hulainika joto likipita kiasi. Usiburuze breki njia nzima. Funga kwa nguvu kabla ya kona, kisha achia ringi ipoe.

Diski nayo ina gharama zake, kwani huongeza uzito kidogo, na matengenezo yake yanahitaji uangalifu. Hata hivyo UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, iliziruhusu rasmi breki za diski katika mashindano ya barabarani kuanzia Julai 2018, na leo baiskeli nyingi mpya za mbio huja nazo, zikiwa na nafasi ya tairi za milimita 32 au zaidi, ambapo kalipa nyingi za ringi huishia 25 au 28. Kwa anayenunua mpya na kuendesha katika mvua au milimani, nachagua diski bila kusita.

Kwa breki za ringi, pitisha ukucha juu ya sehemu inayobanwa: ukihisi imebonyea kama kijiko, ringi imekwisha na inaweza kupasuka. Zikague pia raba, uzichokoe kwa ncha ya sindano vipande vya chuma vinavyometameta ndani yake, kwa maana hivyo ndivyo vinavyoila ringi.

Kwa diski, adui mkubwa ni mafuta ya mnyororo. Tone moja likiingia kwenye pedi, breki hupiga kelele na kupoteza nguvu, na mara nyingi dawa ni kuweka pedi mpya. Pedi mpya nazo zizoeshe: kimbia mwendo wa wastani, punguza kwa nguvu bila kusimama kabisa, rudia mara 20 hivi. Mafuta ya breki yawe ya aina iliyoandikwa na mtengenezaji, kwa sababu mfumo wa mafuta ya madini huharibika ukitiwa ya DOT, ambayo ni aina nyingine ya mafuta ya breki. Ukilitoa gurudumu, usivute mkono wa breki kabla ya kupachika kipande cha plastiki au kadibodi iliyokunjwa katikati ya pedi, la sivyo zitafungana na diski haitaingia tena mpaka uzitenganishe taratibu.