Oda ya kuchora jengo kuu la Makerere kwa rangi za maji

Ukipata oda ya lile jengo la mnara wa saa pale Makerere, Kampala, usikimbilie brashi. Kwanza muulize mteja anataka la lini, manake lilijengwa 1941, likaungua Septemba 2020, likarudishwa 2024, na mzee aliyesoma pale enzi hizo anaweza kukurudishia kazi kisa umeweka kitu ambacho yeye hakukiona. Kama ana picha za mahafali yake, omba. Advansi nusu hapohapo, hilo halina mjadala.

Picha ya simu inadanganya. Ukisimama karibu ukainua simu juu, kuta na mnara vinalalia ndani, kwa hiyo rudi nyuma mpaka kwenye nyasi za Freedom Square, ule uwanja wa mbele ya jengo, upigie kule, na bado ukija kuchora nyoosha mistari ya wima kwa rula. Penseli HB, mkono mwepesi, mstari mzito ukishapitiwa na rangi hautoki tena.

Karatasi ya pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba, ibandike kwenye ubao kwa tepu pande zote.

Sasa hapa ndo wengi wanaharibu. Jengo ni jeupe, na kwenye rangi za maji weupe ni karatasi yenyewe, haupakwi. We paka vinavyolizunguka. Anza na anga: lowesha kwa maji safi mpaka ukingoni mwa paa na mnara, dondoshea bluu, iache itembee yenyewe, usirudierudie. Gusa kwa mgongo wa kidole, ukisikia ubaridi bado mbichi hiyo, subiri. Ikikauka kabisa changanya altramarini (bluu iliyoiva) na siena ya kahawia (kahawia yenye wekundu), utapata kijivu chenye ubluu, pitisha chini ya paa, ndani ya matao na ubavu mmoja wa mnara, na ukishachagua jua linatoka upande gani usihame. Ukuta utasimama wenyewe na wala hujaugusa. Kijivu cha kuchanganya na nyeusi achana nacho, kinafanya ukuta uonekane una ukungu.

Madirisha hesabu vizuri, manake mteja lazima atayahesabu (wanahesabu, niamini), ila vioo visiwe giza sawa vyote. Mishale ya saa tumia brashi namba 2, na muulize mteja anataka saa ngapi, wengine wana saa yao. Miti ya pembeni kijani kizito, nyasi fasta tu.

Skani kabla hujakabidhi, halafu usiiachie mpaka ile nusu nyingine iingie.